Mifuko Sita ya Kambove

Tulipotoka kumzika Papa Kambale, watu walirudi nyumbani kwake Kamalondo, wakanawa mikono, wakakaa kwenye viti vya plastiki vya kukodi, wakaanza kumsifu. Sisemi marehemu alikuwa mtu mbaya. Nasema sifa waliyomchagulia haikuwa yake, na kila mtu mwenye umri wangu pale uani alilijua hilo, akaendelea kutafuna. Walisema kwamba mwaka ule mji ulipoanguka, mshahara ulipokoma na jirani akawa anamwibia jirani mchana kweupe, palikuwa na chumba kimoja tu Lubumbashi ambamo muuzaji na mnunuzi walitendewa sawa, nacho kilikuwa chumba cha foni cha Papa Kambale. Kisha wakanigeukia mimi. Mzee mmoja aliyekuwa akija kwenye mnada wa chumba kile akaninyooshea kidole na kuwaambia vijana, «Huyu mama njo alikuwa sauti. Hakukuwa anaogopa muntu.» Nikaletewa sahani ya nyama kabla ya wageni waliotoka mbali. Niliila yote, na ilikuwa tamu, na hilo nalo linanikasirisha hadi leo.

Mjukuu wa marehemu, Grâce, akaburuta kiti chake karibu na changu. Ana kundi la mnada kwenye simu, mtaa mzima umo: watu wanaweka picha ya friji, ya kochi, ya jenereta, wengine wanataja bei, na ikifika saa iliyopangwa, aliyetaja bei kubwa anachukua. Alinilalamikia kama vile mimi ndiye niliyewazaa watu wa kundi lake. «Tantine, kule batu banaleta fujo. Muntu anataja bei leo, kesho anasema haikuwa yeye, ni mutoto alishika telefone. Mwingine anatuma picha ya frigo ya jirani. Mwingine anaingiza ndugu yake apandishe bei ya kitu yake mwenyewe. Banasema nkambo alikuwa na masharti. Unayakumbuka?» Nikamwambia achukue simu aandike. Nikamtajia yote bila kukwama hata mara moja, na watu wakanipigia makofi kwenye matanga. Binamu yake, kijana mwenye miwani aliyekuwa amesimama nyuma yetu, akauliza: «Na kama mwenye kuongoza groupe njo anadanganya?» Grâce akamcheka. Akamwambia wakati wa nkambo, yaani babu, mambo hayo hayakuwepo. Mimi nikaomba maji ya kunawa.

Mwaka ule nilikuwa na miaka kumi na tisa na nilikuwa namchukia kila mtu. Chuo kilikuwa kimefungwa. Kampani iliyokuwa ikiulisha mji ilikuwa imesimama, na wanaume waliokuwa wakitoka asubuhi na vyakula vyao kwenye vibakuli vya chuma sasa walikaa mbele ya milango wakigombana na wake zao. Noti mpya zilikataliwa sokoni siku zilipotoka. Ukiuza kitu kwa noti asubuhi, jioni noti zile hazitoshi kununua hata mkate, kwa hiyo watu wakaacha kuzitaja. Bei ya kitu chochote ikawa bunga, unga wa mahindi, mfuko wa kilo ishirini na tano. Kitanda kilikuwa mfuko mmoja na nusu. Baiskeli nzima ilikuwa mitatu. Papa Kambale alikuwa mfanyabiashara aliyetoka Butembo, mwenye malori mawili na depo tatu: moja kwetu Lubumbashi, moja Mokambo mpakani unga ulikoingilia kutoka Zambia, na moja Kambove. Depo hizo zilizungumza kwa redio ya upepo, ambayo sisi tuliita foni. Alinichukua niwe opereta wa foni hiyo kwa sababu Kifaransa changu kilikuwa safi na sauti yangu ilikata, na kwa sababu, kama alivyosema mwenyewe, sura yangu haikumpa mtu hamu ya kupiga soga.

Chumba kilikuwa nyuma ya depo. Ukuta mmoja ulikuwa na rafu ya foni, na juu yake spika kubwa ya mbao, maana Papa Kambale alikataza vile vya kuvaa masikioni; alitaka linalosemwa Mokambo lisikiwe na kila mtu aliye chumbani. Upande wa pili palikuwa na mizani, benchi tatu, na pazia la maua lililotenga jiko la mkewe. Harufu ilikuwa ya unga, ya betri ya gari iliyokuwa ikiiendesha ile foni, na ya maharage yaliyoanza kuchemka saa tatu na kuiva saa sita. Mambo ya malori yakiisha, saa nne kamili ulianza mnada. Mwenye kitu alikileta, kikawekwa kwenye mizani hata kama hakipimwi, nami nikakitangaza hewani, na depo zile zikajibu «bien reçu», yaani ujumbe umefika. Walio chumbani, walio Mokambo na walio Kambove wakapandishana. Uzuri wake ulikuwa huu: mnunuzi wa Kambove akikabidhi mifuko yake kwa ajenti wetu kule, mifuko mingine kama hiyo ilitoka depo yetu siku hiyohiyo, akapewa muuzaji. Hakuna aliyesubiri lori. Kwa watu wenye njaa, hilo lilikuwa jambo kubwa, na sitamnyima marehemu heshima yake hapo.

Masharti niliyaandika mimi, kwa kalamu nene, kwenye kadibodi iliyotundikwa juu ya mizani. Muuzaji aseme kasoro ya kitu chake kabla bei haijaanza. Muuzaji asipandishe bei ya kitu chake wala asimtume mtu. Neno likishatoka hewani halirudi, uliyetaja mitatu utatoa mitatu. Kitu kisitoke depo kabla bunga haijaingia. Bei ambayo opereta hajairudia kwa sauti si bei. Hili lilikuwepo kwa sababu foni ilikuwa na kelele, na bila mtu mmoja wa kurudia, kila mmoja angedai alitaja hiki au kile. Na la mwisho, ambalo lilikuwa wazo langu mwenyewe: atakayetukana au kumshutumu mtu hewani atafungiwa siku kumi na nne. Nililileta kwa sababu wanaume wa Kambove na wa Mokambo walikuwa wanatukanana matusi ya mama zao mbele yangu, na nilikuwa nimechoka. Ukiangalia vizuri, masharti yote yalikuwa ya muuzaji na mnunuzi. Aliyeshika kitufe cha foni hakuwekewa hata moja. Nadhani nililiona hilo tangu siku ya kwanza, na lilinipendeza.

Ndipo ukaja ule wakati ambao vijana wa siku hizi wanauona kama hadithi. Wanasiasa walisema njaa yetu imeletwa na watu wenye asili ya Kasai, hata wale waliozaliwa hapahapa Katanga na baba zao walizaliwa hapa. Waliitwa jina la wadudu, redioni, sokoni, na mbele ya milango ya kanisa tukitoka kusali. Wakaanza kufukuzwa majumbani. Wakaenda kulala kituo cha gari moshi, maelfu yao, wakisubiri mabehewa ya kuwapeleka kwenye jimbo ambalo wengi hawakuwahi kuliona. Treni ilikuwa haina siku. Iliweza kuja baada ya wiki, iliweza kuja baada ya miezi miwili. Na kabla ya kwenda kituoni walipitia kwetu mnadani, wakiuza milango, masufuria, mabati ya mapaa yao. Nilikuwa nikiwasikia Papa Kambale na mkewe nyuma ya pazia. «Leo ni bale,» alisema siku moja, akipuliza chai yake. «Kesho batauliza na siye tulitoka wapi.» Mkewe akamjibu, «Njo ufunge kinywa, Baba. Uza bunga yako.» Alifunga.

Mama Ntumba nilimjua tangu zamani. Alikuwa mshonaji mwenye asili ya Kasai, barabara ya tatu kutoka kwetu, mjane, mama wa watoto watano. Miaka miwili kabla alikuwa ameniharibia kitenge changu cha Pasaka. Bega moja la gauni lilipanda, jingine likashuka. Nilipomrudishia, mbele ya wateja sita, alinigeuza huku na huku kama mbuzi wa kununuliwa, akasema, «Nguo haina kasoro, mwana. Ni mabega yako njo hayako sawa.» Wakacheka wote. Misa nzima ya Pasaka niliisali nimekunja shingo. Unaweza kuona ni jambo dogo. Mimi sikuliona dogo, na kwa miaka miwili nilipita upande wa pili wa barabara nisimsalimie.

Alikuja asubuhi ya Jumanne, cherehani yake kichwani na watoto wake wamemfuata kwa mstari. Cherehani ilikuwa ya kanyagio, nyeusi, imepakwa mafuta siku hiyohiyo. Alikuwa amepewa hadi jioni kutoka nyumbani kwake. Alituambia hivyo kwa sauti kavu, kisha akasema mbele ya foni, nami nikiwa nimebana kitufe, kwamba anakwenda kituoni na watoto watano na anataka bunga peke yake, hakuna kitu kingine. Kila mtu chumbani angeweza kupiga hesabu ile. Mfuko mmoja, kwa vinywa sita, unaisha kabla ya wiki mbili. Mifuko mitano au sita ingemfikisha mbali, hata treni ikichelewa. Halafu akataja kasoro bila kuulizwa: «Mukanda yake imechoka. Ukishona kitambaa nzito, inaruka mushono.» Hakuna aliyeweza kuiona kasoro hiyo kwa macho. Katika mwaka mzima wa mnada, yeye peke yake alitaja kasoro iliyojificha. Wengine walikuwa wanasubiri tuwakamate.

Kabla hajafika, mambo yalikuwa yameshapangwa. Nilikuwa naipasha moto foni na nikawasikia kwenye benchi. Mama Félicité, kiongozi wa akina mama wa parokia yetu, mwanamke mnene mwenye sauti ya upole, alikuwa anawagawia karanga na kuwaambia: «Ile mashini ya Ntumba, leo muntu asipandishe. Ataacha bintu hapa tu, treni haibebe mashini. Juu ya nini tumupe bunga ya batoto betu?» Wakatikisa vichwa. Mmoja akasema, «Ni kweli, banakula ya kutosha.» Hakuna aliyeona aibu. Papa Kambale alikuwa amekaa kando ya mizani akimenya karanga zilezile. Alisikia vizuri kama mimi.

Nikatangaza. Mama Félicité akataja mfuko mmoja. Nikarudia, «Lubumbashi, mufuko moja.» Kwenye benchi waliendelea kutafuna karanga. Mokambo wakasema hawataki kitu. Nikawa nimeshafungua mdomo kuhesabu mara ya kwanza, spika ya mbao ikaita, safi, bila kelele hata kidogo, kama mtu anayezungumza kutoka chumba cha pili. «Lubumbashi, Kambove. Mifuko sita.» Sauti ile niliijua, ya mzee mmoja seremala mwenye shamba la mahindi, ambaye hakuwahi kugombana na mtu hewani. Kwenye benchi migongo ilinyooka. Mama Ntumba akashika bega la mtoto wake mdogo. Mama Félicité hakukasirika, alinitazama tu, vile anavyowatazama watoto wanaonong'ona wakati wa misa, akasema, «Foni inalia mingi leo, hein, Béa?»

Foni haikuwa inalia. Nimejaribu kwa miaka mingi kujiambia kwamba niliogopa. Ingekuwa hofu ningejisamehe, maana watu walikuwa wanapigwa kwa kuwatetea majirani. Lakini pale hakuna aliyenitisha, hakuna aliyeshika hata fimbo. Nilimwona Mama Ntumba anaitazama midomo yangu, anasubiri kauli yangu, yeye aliyenigeuza kama mbuzi, na nikasikia raha. Naiandika hapa kama ilivyokuwa. Nikabana kitufe nikasema, «Kambove, sikusikii. Rudia.» Akarudia: «Sita. Mifuko sita.» Nikasema, «Kambove, hausikike.» Akarudia tena, polepole, akihesabu kwa Kifaransa, moja, mbili, tatu, hadi sita. Nikamwacha amalize. Kisha nikasema, «Lubumbashi, mufuko moja, mara ya kwanza. Mara ya pili. Mara ya tatu. Adjugé.» Papa Kambale alikuwa ameacha kumenya karanga. Nilipotamka neno la mwisho, akaendelea.

«Nilisikia sita,» alisema Mama Ntumba.

«Masharti ni masharti, mama,» Mama Félicité akamjibu, akimwonyesha kadibodi yangu. «Bei yenye opereta hakurudia haiko bei. Soma.» Na Mama Ntumba akasoma. Alisogea hadi kwenye mizani, akaweka kidole chini ya mstari wa kwanza, akayasoma masharti yote mpaka mwisho, hakuna aliyemharakisha. Alipomaliza akaomba mfuko wake. Walimletea mlangoni. Watoto walikuwa wadogo mno kuunyanyua, na wale wa kwenye benchi waligeuka wote kuiangalia cherehani. Akaniita mimi. «Nitwike, mwana.» Nikatoka nyuma ya meza, tukaushika mfuko huku na huku, nikamtwika. Uso wake ulikuwa karibu na wangu, na alinukia mafuta ya mashine. Akasema kwa sauti ya chini, «Kama ni juu ya kitenge, ungelisema tu.» Akaondoka, watoto nyuma yake, mkubwa akiwa amembeba yule mdogo mgongoni.

Saa sita, kwa mara ya kwanza tangu aniajiri, Papa Kambale aliniita mezani kwake. Siku zote nilikula peke yangu kwenye ngazi ya nyuma. Palikuwa na bukari, yaani ugali, maharage, na samaki wadogo wa kukaanga, naye akaigeuza sahani ili upande wenye samaki uelekee kwangu. «Kula, Béa,» alisema. Mkewe hakutoka jikoni. Ndiyo maana nikakasirika na sahani ile ya matangani. Nilikuwa nimeshalishwa hivyo mara moja. Nilijua hata siku ile ninalipwa kwa nini, na nilikula.

Kesho yake, saa nne, kabla sijatangaza kitu chochote, Kambove akaita. Hakusalimu. «Lubumbashi, jana nilisema sita, mara tatu, na weye ulisikia. Ulisikia na ukadanganya. Na ile mifuko iko hapa ku—» Sikumpa nafasi ya kumaliza. Nilimkata, nikamsomea sharti la mwisho neno kwa neno: amemshutumu mtu hewani, amefungiwa mnada siku kumi na nne. Chumbani wakanung'unika kwa kuridhika. Opereta wa Mokambo akasema, «Bien fait,» yaani amestahili. Nikamtazama Papa Kambale, akainamisha kichwa kwamba ni sawa. Wiki zile mbili ndizo zilizonipa jina. Nilimfungia mtu wa Mokambo kwa kusema neno «mwizi» kwa mzaha. Nilimrudisha mwanamke na redio yake kwa sababu hakutaja ufa uliokuwa nyuma. Watu walisema yule msichana haonei mtu wala hapendelei mtu, na mnada ukajaa kuliko zamani. Ukiwaonea wote kwa kipimo kimoja, wanakuita mtenda haki. Hilo nalo sikumwandikisha Grâce.

Siku ya kumi na tano ilikuwa Jumatano. Kambove akaita kwa wakati wake. «Lubumbashi, adhabu yangu iliisha?»

«Iliisha,» nikasema.

«Bon. Ule mama wa mashini, iko ku gare bado? Mifuko yake sita niliipeleka kwa ajenti wenu siku ile ile, kabla haujanifungia. Ajenti alikataa kuisema ku foni, anaogopa patron. Mashini, mwenye kuikamata abakie nayo. Miye sikuwa natafuta mashini sana. Nilisikia tu anasema iko na batoto tano. Mumupe bunga yake.»

Mama Félicité alisimama akatoka. Papa Kambale akainuka, uso wake umekuwa wa kijivu, akafungua mlango wa stoo kwa mikono yake na kuanza kuvuta mifuko mmoja mmoja mwenyewe. «Kimbia,» aliniambia. «Nitatuma chariot nyuma yako.» Nikakimbia. Kutoka Kamalondo hadi kituoni si mbali, na njia nzima nilikuwa nikitunga maneno ya kumwambia. Nilipanga kusema foni ilikuwa imeharibika.

Kituoni watu walikuwa wametandaza mikeka kati ya reli. Walikuwa na magodoro, kuku waliofungwa miguu, madirisha waliyong'oa majumbani kwao. Moshi ulikuwa mwingi na harufu ilikuwa mbaya, maana hapakuwa na choo kwa watu wale wote. Niliuliza kwa watu wengi, na wengi walinitazama viatu tu. Mwishowe mwanamke mmoja aliyekuwa anakoroga uji mwepesi sana, karibu maji matupu, akaniambia bila kuinua kichwa kwamba Mama Ntumba alilala hapo pembeni yake. «Alienda na treni ya Jumatatu. Yeye na batoto bake ine.»

Nikasema, «Batoto bake ni tano.»

«Balikuwa tano.» Akaacha kukoroga, akaniangalia kwa mara ya kwanza. «Na weye, ulikuya kubahesabu?»

Mkokoteni ukafika na mifuko sita. Nikamwambia yule mwanamke achukue, agawe na wenzake. Hakunishukuru, na sikutaka anishukuru. Aliwaita wengine kwa lugha yao, wakaja, wakaibeba, na mmoja wao aliniuliza kwa Kifaransa kama nilikuwa mtu wa kanisa. Nikasema hapana. Nikarudi kwa miguu nyuma ya mkokoteni mtupu.

Asubuhi iliyofuata nilifika kabla ya wote. Kadibodi ilikuwa palepale juu ya mizani, na mkanda mpya wa cherehani ulikuwa mezani, Mama Félicité alikuwa ameuagiza kutoka Mokambo. Watu wakaingia, wakakaa kwenye benchi zao, wakaanza kugawiana karanga. Saa nne kamili spika ikaita kabla sijagusa kitu.

«Lubumbashi, Kambove. Mama ulimupata?»

Nikabana kitufe. «Alishaenda,» nikasema. «Na batoto ine.»

Foni ikabaki wazi. Nilimsikia anavuta pumzi, na nyuma yake nilisikia kuku. «Ku foni alisema tano,» akasema.

«Balikuwa tano.»

Nikasubiri anitukane. Nilikuwa nimeshaamua kwamba safari hii sitamkata, aseme yote, asiache neno, chumba kizima kisikie. Nikashikilia kitufe mpaka kidole kikauma, kisha nikakumbuka kwamba nikikishika yeye hawezi kusema, nikakiachia.

«Bien reçu, Lubumbashi,» alisema yule mzee, akafunga foni.